Picha ya Mlangoni

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Magomeni ya Kilosa tu wazima; mguu wa babu yako umepona, analima tena.

Umeniuliza kwa nini unaumia sana picha zako zisipopendwa mtandaoni. Nilipokuwa rika lako, mpiga picha wa hapa Kilosa alitundika mlangoni picha ya rafiki yangu Zaina, yangu akaiacha. Nilijifungia ndani nikalia. Zaina akanifuata.

"Pale mlangoni niko peke yangu, tena nimenuna," akasema. "Twende tukapige ya wawili."

Tulicheka mpaka mpiga picha akatukemea. Hata sikumbuki kama aliitundika.

Wewe piga tu picha, mama, unapendeza. Ila likizo hii njoo na rafiki zako, niwaone kwa macho.

Bibi yako