Ua la Chaki

Aline, mjukuu wangu,

Pole na baridi ya huko. Sisi tuko. Bibi yako analalamikia magoti, mvua imebomoa tena ukuta wetu hapa Kadutu, na mimi nimechoka, nisikufiche.

Umeniuliza kama masomo ya kupandanisha mimea, mnayofundishwa kwenye skrini ya ordinateur bila kugusa jani, yanafaa kitu.

Wakati wa vita nasi tulisoma hivyo. Shamba la chuo chetu cha kilimo lilikuwa mbali, Luvungi, na barabara ya kwenda huko ilifungwa. Mambo mengine ya miaka ile nayaacha. Mwalimu wetu, Maman Béatrice, alichora ubaoni ua la haragi kubwa kama sinia. Kila juma tulilifungua kwa chaki, tukaondoa chavua yake, tukaweka ya mmea mwingine.

Siku moja akaleta haragi la kweli, limepandwa ndani ya kopo la maziwa, na chavua ya mmea mwingine ndani ya karatasi. Lilikuwa na ua moja tu, bado limefumba. Akampa sindano mwenzetu Safari.

"Maman, haiyafunguka. Tungoje kesho."

"Kesho itakuwa imejipandanisha yenyewe. Haragi haingojake mutu. Fungua leo."

Safari akalifungua bila kulichana. Mkono wake ulipita njia ileile ya ubaoni. Baadaye ua likatoa ganda lenye mbegu.

Sisi wote tulikuwa tunasema tutasoma vizuri barabara ikifunguka. Ilifunguka, ikafungwa. Juma hili, Aline, imefungwa tena.

Nisalimie wenzako wa darasa.

Babu yako