Ukuta wa Upande wa Mvua

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Paneli zimefika! Pikapu imezileta kutoka Nakuru asubuhi, zimefungwa kwa plastiki kama nguo za harusi. Nimefungua moja tu, ya juu. Rangi ya mbao iliyoiva, mistari mirefu inashuka – nimeipapasa mpaka nikajionea haya. Cherehani zangu za dukani zingoje leo.

Sebule imekaa matofali matupu miaka hii yote. Mume wangu Gachanja alijenga, akasema plasta itakuja. Plasta haikuja, naye akatutoka. Kila nikifagia, vumbi jekundu. Mpango ni wa mwanangu Kimotho: tuvalishe kuta, nyumba ipate mpangaji mzuri, mimi nihamie kwake Ruiru nisizeeke Litein peke yangu. Nilikubali wakati wa Pasaka. Ni mpango mzuri.

Wanjuhi wa duka la viatu amenipa namba ya fundi, mtu wa Kapkatet, anaitwa Kiptanui. Anakuja kesho.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi amekuja na hakugusa paneli. Hata moja. Ameweka kiganja kwa ukuta, akasogea, akaweka tena, kama daktari. Mwembamba, mvi kidogo, koti safi. Halafu akasema ukuta wa upande wa mvua unakunywa maji.

“Mama Kimotho, hii hatuwezi kufunika. Tuanze na gata ya paa. Hiyo maji yote inateremka hapa karibu na tirisha.”

Tirisha! Dirisha, kwa ulimi wa kwao. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na hasira. Nimempigia Kimotho. Akasema nitafute fundi mwingine, kuna wale wanapaka gundi nyuma ya paneli na kubandika moja kwa moja, siku moja wamemaliza. Nikamwambia Kiptanui hivyo hivyo, ana kwa ana.

Hakukasirika. Amesugua tofali kwa kidole gumba, akanionyesha unga. “Gundi itashika hii vumbi. Vumbi haishiki kitu.” Akaongeza kwamba hataki siku moja nimtafute na matusi.

Nimemwacha abaki. Sijui ni kwa nini nilikubali haraka hivyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana mvua ya mawe, ile ya kuumiza chai mashambani. Nilikaa sebuleni nikitazama ukuta badala ya kutazama nje. Gata mpya aliyofunga Jumanne jioni imebeba maji yote. Ukuta haukulia hata tone. Nimefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Leo tumeanza. Nasema “tumeanza” – mimi nimeshika pima maji. Kwanza anapigilia vipande vyembamba vya mbao, vinalala kutoka pembe hadi pembe, ndivyo vitakavyobeba paneli. Matofali ya Gachanja hayako sawa: hapa yana tumbo, pale yana shimo. Anachomeka vibao nyuma ya mbao mpaka lile povu la pima maji litulie katikati. Linatangatanga, linatangatanga, halafu linatulia. Nasema “Hapo!” na yeye anakaza skrubu.

Tofali moja limemegeka kwenye drili, tundu likawa pana kama mdomo. Nikadhani kazi imeharibika. Amesogea kando kidogo, akatoboa tofali zima, akatia plagi ndefu ya kushika skrubu. Kisha akanipa drili nijaribu. Mikono ilitetemeka mpaka kwenye mabega. Tundu langu limenyooka. Amelitazama akasema afadhali kuliko lake.

Ijumaa, 8 Agosti

Duka limefungwa tena. Edinah alipita kuulizia gauni lake la harusi ya dada yake. Nimemwambia wiki ijayo, na nikarudi mbio ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukuta wa kwanza umevaa! Paneli zinaingiana ubavu kwa ubavu, gundi kwenye mbao na misumari midogo isiyoonekana. Chumba kimekuwa kingine. Hata mwanga unaingia kwa adabu.

Tulikunywa chai tukiwa tumekaa sakafuni kwa sababu viti viko nje. Ameniambia mke wake alifariki, ni kama Gachanja, ugonjwa wa muda mrefu. Watoto wako mbali. Anajipikia, na anasema ugali wake ungeweza kujengea nyumba. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Akanipigapiga mgongoni. “Pole, Jecinta.”

Jecinta. Hakuna aliyeniita hivyo katika nyumba hii tangu mazishi. Wote ni Mama Kimotho. Sikumrekebisha.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa Wanjuhi amenivuta kando. Eti watu wanauliza ukuta gani huu unachukua wiki. Na tena fundi wa watu wale, si wa kabila letu. Nikamwambia yeye ndiye aliyenipa namba. Akacheka kama msichana.

Kimotho amepiga simu. Amepata mpangaji, mwalimu wa chuo kikuu kule Kabianga, jina Sagini. Atakuja Jumanne na mkewe. Ameniuliza kama nimeanza kufunga vyombo. Nikasema ndiyo.

Sijafunga hata kijiko.

Jumatatu, 11 Agosti

Ukuta wa mwisho umekwisha, ule wa upande wa mvua. Nimeegemeza shavu. Mkavu. Kiptanui amefagia mwenyewe, akapanga vyombo vyake kwenye sanduku polepole sana.

Nikasikia mdomo wangu ukisema chumba cha kulala pia ni matofali matupu.

Akaacha kupanga. “Kule wageni hawaingii. Nani ataona?”

“Mimi.”

“Si unaenda Ruiru?”

Nikapangusa paneli iliyokuwa safi tayari. Aliinua sanduku, akafika mlangoni, akasema kesho ataleta mbao, nikimwambia azirudishe atazirudisha. Moyo unanidunda kama wa mtoto wa shule. Na umri huu!

Jumanne, 12 Agosti

Niko jikoni, naandika wima. Wako sebuleni. Sagini ni mtu mzuri, mkewe pia. Mke amepapasa paneli vile nilivyopapasa mimi siku ile ya kwanza, akasema hapa atazaa na kulea. Wanataka kuhamia mwisho wa mwezi. Kimotho yuko kwenye simu, spika imefunguliwa mezani: “Mum, wape funguo tu, mimi nitamaliza mengine.” Funguo ziko mfukoni mwangu. Mkono ukaenda mfukoni, ukakaa huko.

Ndipo Kiptanui akatokea mlangoni, mbao begani. Akawaona. Akaelewa wao ni nani. Angeweza kugeuka; hakugeuka.

“Jecinta, niingize hizi ama nirudi nazo?”

Mke wa Sagini akanitazama. Simu mezani ikauliza, “Nani huyo?”

Nikasema naleta chai. Nikakimbilia huku.

Chai inafura. Nimeipunguzia moto. Kimotho anaita, “Mum? Mum, uko?” Na mtu mwingine amesimama tu na uzito wote huo begani.

Nimechungulia kwa mlango wa jikoni nikamwambia Kiptanui aziweke chini, zitamuumiza. Nasikia anazilaza. Moja moja, polepole, kwenye korido ya chumba cha kulala.

Nakwenda na chai. Mikono imetulia, funguo bado mfukoni. Sijui nitaanza na nani.