Kiti Nilichopishwa Peking

Chuo cha Reli,
Peking, China.
20 Januari, 1974.

Mpendwa Dada Siwema,

Assalamu alaikum. Hujambo, dada? Shemeji Matano na watoto hawajambo? Kifua chako kinaendeleaje na mvua hizi za Mbeya? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Barua yako ya msiba imenifikia Mama ameshazikwa. Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Niliisoma nimesimama, nikashindwa hata kukaa.

Uliniandikia nije walau kwenye arobaini. Basi nikaenda mjini kuwaomba wakubwa wetu wa ubalozini ruhusa. Huku tunapanda basi la umeme. Juu lina mikono miwili inayoshika nyaya. Ikichomoka, basi linazimika katikati ya barabara na kondakta anashuka kuirudisha kwa kamba. Ndani watu wamejaa na makoti yao mazito, wala hakuna apigaye soga.

Kondakta, msichana tu, aliponiona akapaza sauti nipishwe kiti. Hapa mgeni hasimami. Aliyeinuka ni bibi kizee mwenye mkongojo.

"Keti, mama," nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kichina nilichofundishwa ni cha injini na breki.

Kumbe neno "mama" na wao wanalo, na maana ni ile ile! Yule bibi akanitazama usoni, akanishika mkono, akanikalisha. Hapo nikalia, dada, kama mtoto. Akasimama mbele yangu na lile koti lake, akanikinga watu wasinione, huku basi likimyumbisha.

Wakubwa walinipa pole. Mmoja akasema, "Yunusu, mazishi yamekwisha. Utarudi na wenzako mkimaliza masomo." Nilisihi, haikufaa kitu. Kurudi sikupanda basi. Nilitembea kwenye theluji mpaka chuoni, miguu ikafa ganzi.

Kwa hiyo sitakuja. Msinisubiri, someni hitima.

Nisalimie shemeji, watoto, na Bi Mwanakhamisi. Mwambie nimesikia kwamba ndiye aliyemwosha Mama, nami namshukuru. Wasalimie na majirani wote wa Mwanjelwa waliokesha nanyi.

Nguo za Mama najua mtazigawa, ndiyo ada. Niwekee kanga yake moja tu, ile aliyokuwa akijifunika siku za mwisho. Usiifue.

Mola amrehemu Mama, na wewe akutie nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Yunusu