Makopo ya Ruwaida

Timbwani, Likoni
21 Septemba 1961

Kwa mdogo wangu Ruwaida binti Jamaludin,

Salaam aleikum, na rehema za Mola zikufikie huko uliko, uwe kazini au uwe umejifunika kitandani. Mimi nduguyo Sheikha nipo, mwili hauna neno, alhamdulillahi. Watoto wazima, na baba yao Yeslam mzima ila jino lamsumbua na kwa daktari haendi, ataka aombewe tu. Nataka kusikia zako: miguu bado yakuvimba kwa kusimama wodini? Na kile chumba chako kinachopitisha upepo, mwenye nyumba amekiziba? Usinijibu kwa mkato kama kawaida yako, mimi si mgonjwa wako.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma mara moja nikaitia chini ya mkeka, na jana nikaisoma tena. Pole zako nimezipokea, nami nakupa wewe pole zaidi, maana sisi tulimwosha mama kwa mikono yetu na tukamsomea, nawe ulipata simu ya maandishi, maneno sita tu. Arobaini tumeisoma, watu walijaa mpaka uani. Swali lako la mwisho pia nimeliona, la kwamba mama alisema nini juu yako alipokuwa akienda, na kama alikuachia radhi. Nitakujibu. Lakini wanijua, mimi siendi mbio. Niache nifike kwa mwendo wangu.

Kipupwe cha mwaka huu kilikuja mapema, tena na ubaya. Najua utacheka, wewe unayeandika kwamba maji yaganda dirishani, lakini wallahi kwetu kilikuwa baridi. Kusi ilivuma usiku na mchana, kuni zikalowa, na jiko letu la uani likawa moshi mtupu. Kifua cha mama kilibana tangu siku za mwanzo. Chakula akawa hakitaki. Nikimpikia mchuzi wa nazi ala matonge mawili, asukuma sahani. Nikimpikia uji wa mtama asema una mchanga. Mtu mwenye mwili kama ule, Ruwaida, alibaki mifupa ya mabega tu. Ndipo nikakuandikia kwamba mama hali.

Bunda lako la kwanza lilifika Juni. Yeslam alivuka nalo kwa feri akiwa amelibeba kichwani, watu wamuuliza kama amehamishwa nyumba. Nililifungulia jikoni mlango nimeushindika, pamoja na Nyamvula, yule mama wa Kidigo anayenikunia nazi siku za shughuli. Wewe ulimwacha akiuza mkaa, siku hizi hatuachani. Tulikaa chini kama watoto tunagawana tende. Tukatoa bati la oti, kakao, unga wa kastadi, pichi za kopo, jeli ya rangi nyekundu, maziwa mazito, na ile mashine ya kupigia mayai yenye mkono wa kuzungusha. Nyamvula aliizungusha hewani akasema Wazungu ni wavivu mpaka wa mayai. Na juu ya kila kopo ulikuwa umegandisha kikaratasi, kwa hati zetu za Kiarabu ambazo mama azisoma, umeeleza namna ya kupika na chini yake umeandika neno lako kwake. Kwenye kakao uliandika: mamangu, kunywa hii ikupashe moto kifua, mimi mwanao nakuombea. Navikumbuka vyote, kimoja kimoja.

Sasa wewe mwenyewe wajua mama alivyoapa. Ulipopanda meli na kumwacha mchumba wako Hadi, mwana wa ami yetu, na mahari yameshapokewa, nguo zimeshashonwa, mama alikaa siku tatu hasemi. Ya nne akasema chochote kitokacho kwako hakiingii jikoni mwake, awe hai au maiti. Barua yako ya kwanza nilipotaka kumsomea alinyanyuka akaenda kuchota maji, na maji yalikuwapo tele. Kwa hiyo siku ile, na makopo yako mapajani, nilijiona nimefungwa mikono. Nikimwambia yametoka kwako, hatakula. Nisipomwambia, atakula. Nikaona bora ale.

Nikachemsha maji, nikavibandua vile vikaratasi. Nyamvula aliniuliza mbona nabandua, nami nikamwambia maneno ya kike ya nyumbani kwetu ayaache. Nilimwambia mama kwamba Yeslam amevinunua mnadani Nyali, kwa Mzungu mmoja anayefunga virago kurudi kwao. Aliamini. Siku hizi kila wiki kuna Mzungu auza vyombo vyake, waona uhuru waja nao hawautaki, na wanaume wetu barazani wagombana kutwa kama Mwambao, hii pwani yetu, uwe wa Sultani au wa Kenya. Uongo ule ulikaa mahali pake kama kifuniko na chungu chake.

Na alikula! Nilimpikia oti kwa maziwa mazito na hiliki, akamaliza bakuli, akakomba kwa kidole. Nilifurahi nikatoka uani nikalia. Baada ya hapo kila asubuhi ni hivyo, na jioni kakao. Jeli ndiyo iliyotuaibisha. Uliandika iachwe igande, nikaiacha, nikaiweka karibu na mtungi, nikaipepea, haikuganda. Joto la jikoni halikukubali, kipupwe au si kipupwe. Watoto wakainywa kama sharubati na mama akacheka mpaka akakohoa. Mashine ya mayai aliitaka mwenyewe. Alikaa mkekani na bakuli katikati ya miguu, azungusha, azungusha, mayai yamefura yamekuwa mapovu na bado hataki kuiachia. Ungemwona ungesema ni msichana.

Nakwambia haya ujue kwamba vyako vililiwa. Hilo sikukuandikia uongo. Niliyoongeza katika barua zangu ni yale mengine, kwamba mama amejua ni vyako, kwamba akushukuru na kukuombea. Hayo niliyatunga mimi, hapa kwenye kiti hiki, kwa kalamu hii. Subiri, usiitupe barua. Bado sijafika.

Wageni walikuja kumtazama, akina mama wa hapa Timbwani na wengine kutoka Mtongwe, na kila aliyekuja mama alimweleza. Alisema alizaa watoto wawili lakini aliyenaye ni mmoja. Alisema Sheikha amenirudishia roho, kila kitamu cha Ulaya anitafutia, Sheikha Mungu ampe. Nami nipo pale na sinia la kahawa. Ruwaida, ngoja nikwambie ukweli wa moyo wangu, maana nikiuficha na huu barua hii haina maana. Toka utotoni sikusifiwa mimi. Wewe ndiye ulikuwa na akili, wewe ndiye ulikuwa na sauti ya kusoma Kurani, wewe ukipika wali hata ukiungua wasemwa una ladha. Mimi nilikuwa wa kuosha sufuria. Niliposikia jina langu kinywani mwa mama mbele za watu, lilinikaa vizuri. Nilimeza sifa zako kama watoto walivyomeza jeli, na nikawa nangoja wageni waje ili nisikie tena.

Bunda la pili lilipofika Julai, lile la shali ya sufu na ule mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto, mama alikuwa amepata nguvu kidogo na ningeweza kumwambia. Nyamvula alinishauri nimwambie. Alisema mtoto akilisha mamake kutoka mbali namna hii, mama yule ana haki ya kujua mkono ni wa nani. Nikamjibu nitamwambia akipona sawasawa. Si kweli. Niliogopa kiapo mwanzoni, lakini kufikia hapo sikuwa naogopa kiapo, nilikuwa nachunga changu. Na vile vikaratasi, Ruwaida, sikuviweka. Nilivitia motoni, vya kwanza na vya pili, huku nikigeuza mkate wa sinia.

Shali hakuivua tena. Ule mpira aliuogopa siku mbili, asema ni kitoto cha mnyama, kisha akawa halali bila huo. Lakini kifua kilirudi vibaya. Daktari alivuka kuja kumwona mara mbili akaacha dawa, na mara ya pili aliniita pembeni. Mama hakuhitaji kuambiwa.

Sasa nafika.

Ilikuwa Jumatano, baada ya alasiri, tarehe 26 Julai. Nilikuwa nimempelekea kastadi na pichi za mwisho, kopo la mwisho. Alikula vijiko vitatu, akaniombea dua kama kawaida yake, akasema radhi zake zote ni zangu. Kisha akawa aichezea shali. Toka ulipoondoka alikuwa akikuita yule wa Ulaya. Siku ile alikutaja kwa jina. Aliniuliza, Ruwaida hajaandika tangu nilipougua? Nikajifanya sikusikia. Akauliza tena, akasema amefikiri sana alipolala hapo, kwamba hasira zake zilikuwa za aibu ya watu, na watu wenyewe wengi wameshakufa. Alisema lau ungaliandika hata mstari mmoja wa kumjulia hali, angalikusamehe. Hataki zawadi, alisema, ataka neno tu, ajue kwamba mwanawe amkumbuka.

Na mimi nimeshika bakuli lenye kastadi yako mkononi. Shali yako mabegani mwake, mpira wako miguuni mwake. Neno moja tu lilikuwa lataka kutoka. Nikawaza, nikisema ndiyo, ataniuliza barua zi wapi, ataniuliza haya makopo yalikuwa ya nani, na vile vikaratasi nilivifanyaje, na wale wanawake wote walionisikia nikisifiwa watajua. Nikamwambia, hapana mama, hajaandika.

Akasema, basi kanisahau. Hakusema kwa hasira. Aligeukia ukutani.

Alikaa siku tisa baada ya siku ile. Siku tisa nzima, Ruwaida, na kila siku niliingia chumbani na maneno yapo tayari, na kila siku nikatoka nayo. Alikuwa na fahamu zake mpaka Alhamisi. Angalinisikia. Alikufa Ijumaa asubuhi kabla ya watu kwenda msikitini, na alikufa akijua kwamba huna habari naye.

Hilo ndilo jibu lako. Hakukuachia radhi, na aliyezizuia ni mimi. Zilikuwa mdomoni mwake zangoja neno langu. Nimemwuliza shehe, bila kutaja majina, kama radhi aliyopewa mtu kwa chakula cha mwingine yaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Alinitazama sana, akasema hayo ni ya Mwenyezi Mungu kuyapima. Yeslam nimemwambia pia, na hajanisemesha toka juzi. Naona ana haki. Wale wanawake waliosikia nikisifiwa sijawaambia, lakini Ijumaa ijayo wanakuja kwangu kwenye khitma ya mama na nitawaambia mmoja mmoja nani aliyemlisha mama. Mama ndiye aliyestahili kusikia, na yeye hayupo, najua.

Sikuombi unisamehe. Ningependa uniandikie hata kunitukana, lakini kama hutaki, nitaelewa. Ila moja usilitie shaka, hata ukinichukia. Alikula, na alicheka, na alikufa amejifunika shali yako. Alimpenda sana aliyemfanyia yale. Hakujua tu ni nani.

Nyamvula akusalimu sana. Ndiye aliyesema kwamba kama mimi siandiki, yeye atatafuta mtu wa kumwandikia. Watoto wakuamkia, wasema shikamoo khalati, na mdogo ataka kujua kama theluji yaliwa. Nguo za mama tumezigawa ila shali, hiyo nimeifunga katika karatasi na Yeslam atakupelekea posta kesho akivuka. Sikuifua.

Ni mimi uliyezaliwa naye tumbo moja,

Sheikha binti Jamaludin