Siku Mjomba Alipokosa Watazamaji

Nakuru, Jumatatu

Mayi wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si shambani umeinama na mgongo wako ule. Goti linaendeleaje? Dawa ya kupaka niliyompa mke wa Simiyu ilikufikia, ama alijipaka mwenyewe njiani? Sisi huku tuko salama. Watoto wanakula kama nzige na viatu vinawabana kila muhula. Mvua imekuja mapema, nguo hazikauki, lakini hatulalamiki.

Nimeandika kwa sababu kwa simu hatufiki mbali. Ukisikia jina la ndugu yako unaanza kulia, na mimi nikikusikia unalia napandwa na hasira, halafu kredi inaisha. Soma hii mpaka mwisho, ndipo uamue kama ulizaa mtoto mbaya.

Najua Mjomba Wekesa alikuja huko Kimilili, akakunywea chai na kukwambia nimemwaibisha mbele ya wageni wake. Ni kweli. Nilimwaibisha. Nikisikia mtu hapo nyumbani ananitetea ati haikuwa makusudi, nitakasirika. Ilikuwa makusudi, na wakati wa kupanga nilikuwa naimba jikoni. Lakini najua hakukueleza mambo yalianzia wapi.

Unakumbuka kiwanja chetu cha besiboli nyuma ya nyumba za reli? Ulikuja mara moja, Barasa wangu akiwa hai. Ulikaa benchi la mbele na mahindi yako ya kuchoma, ukaniuliza yule kijana anayekimbia anafukuzwa na nani. Barasa alicheka mpaka akachuchumaa. Nikakueleza kwamba mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla mpira haujarudi. Ukasema huo ni mchezo wa watu wasio na shamba. Mwisho wake ndiwe uliyekuwa unapiga kelele kuliko wote.

Kabla ya Barasa, pale palikuwa jalala. Alijifunza mchezo kwa mwalimu mgeni aliyefundisha hapa kwa kujitolea, na huyo mwalimu alipoondoka akamwachia glavu na rungu mbili. Barasa akitoka karakana ya reli jioni, hakuja nyumbani. Yeye na vijana walichambua vigae vya chupa kwa mikono, wakaleta udongo mwekundu kwa wilbaro, wakatengeneza mabenchi kwa mataruma makuukuu, zile mbao za chini ya reli. Timu wakaiita Ngiri, kwa sababu ngiri ni mnyama mwenye sura mbaya lakini hakimbii ovyo. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani walipitia hapo hapo. Wazee waliostaafu reli walikuwa na viti vyao, na mama wa mandazi alikuwa na kona yake. Hakuna aliyehitaji nauli. Ukichelewa, unasimama.

Barasa mwenyewe ndiye aliyemwomba Mjomba awe mwenyekiti. Alisema timu inahitaji mzee anayesikika mjini. Barasa alipofariki, vijana walikuja nyumbani wakaniambia niwe kocha, maana kila mchezo nilikuwa nimeuona. Nilikubali. Mayi, kile kiwanja ndicho kilichonizuia kuanguka mwaka ule.

Sasa sikiliza. Mjomba aliita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Akasimama, akavua kofia, akasema Ngiri wamekua, wanastahili stediamu ya kweli, na yeye ameshaijenga huko juu upande wa Mau Narok, kwenye shamba lake. Kile cha reli kimepata mwenyewe, kitajengwa godauni.

Nikauliza, "Nani alikubali?"

"Mwenyekiti alikubali," akasema. Mwenyekiti ni yeye.

"Mjomba, watu wetu watafikaje huko? Ni mlima mtupu."

"Mwenye kupenda timu atafika."

Nikamwambia kile kiwanja Barasa alikisafisha kwa mikono yake. Hapo ndugu yako akageukia watu wote, akasema, "Nasimiyu, kiwanja si kaburi la bwana yako. Ukitaka kulia, nenda makaburini."

Kuna waliocheka. Nawajua mmoja mmoja.

Nilikwenda nyumbani nikasonga ugali nikapakulia watoto. Lakini lile neno liliingia ndani likakaa. Wiki iliyofuata trekta ilikuja ikang'oa mabenchi, yakapakiwa kwenye lori kama kuni. Na kweli yaliishia kuwa kuni. Nilisimama barabarani nikaangalia mpaka lori likakata kona, nikasema moyoni, Mjomba, utajua mimi ni mtoto wa dada yako kweli.

Mau Narok huijui. Ni nchi nzuri ya ngano na viazi, sina ubaya nayo, lakini si ya kumkalisha mtu kwenye mabati adhuhuri nzima akitazama mpira. Baridi yake inaingia kwenye meno. Kiprono, kijana wetu wa kurusha, siku ya kwanza aliniambia, "Kocha, manze huku ni friji. Vidole zangu sizisikii." Ukungu ukishuka, huoni mwisho wa uwanja. Siku moja mpira ulipigwa ukapotelea humo, mchezaji wetu Otieno akaufuata. Tukakaa tukingoja nani atatoka kwanza, Otieno ama mpira. Alitoka kondoo.

Jumapili ya kwanza watu wetu walijitahidi, wakachanga wakakodi lori. Wengine wakarudi na homa. Baadaye walikuja mama za wachezaji tu. Halafu hata hao wakachoka, nikabaki mimi na mlinzi wa lango na mbwa wake. Stediamu nzima, Mayi, imepakwa rangi ya kijani, na ndani ukikohoa unajisikia mara mbili.

Unadhani Mjomba alijilaumu? Alikwenda redioni. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikamsikia akisema watu wa Nakuru hawana uaminifu kwa timu yao, na shida nyingine ni kwamba timu inaongozwa na mama mjane asiyejua kuvuta watu. Jirani yangu naye alikuwa amefungua redio hiyo hiyo. Alizima haraka, na kule kuzima kwake kuliniuma kuliko maneno yenyewe. Vitunguu viliungua.

Baadaye nikajua kwa nini viti vitupu vilikuwa vinamnyima usingizi. Shamba lote kuzunguka ile stediamu alikuwa ameshalikata ploti. Wanunuzi aliwaambia hapo pana mji unakuja, kila Jumapili watu hufurika. Kwa hivyo alihitaji vichwa. Siku moja alitoa wachimbaji viazi shambani, akawapanga kwenye viti, akaleta mtu wa kupiga picha. Mmoja, mama mzee mwenye matope mpaka magotini, akaniuliza kwa upole, "Mathe, hii mpira ya miguu inaanza saa ngapi?"

Halafu akatangaza siku kubwa. Wanunuzi wangetoka Nairobi, kuwe na hema, kwaya na ng'ombe wa kuchinjwa, na Ngiri wacheze na vijana wa chuo kutoka Njoro. Akaja kwangu na mkate na sukari, mara ya kwanza tangu mazishi ya Barasa. Akakaa kwenye kiti cha Barasa.

"Nasimiyu mwanangu," akasema, "hawa watu wanakusikia wewe. Niletee watu."

Nikamwongezea chai. "Mjomba, usiwe na wasiwasi. Nitakuletea kila kitu chako cha timu."

Akaondoka anapiga mluzi.

Kesho yake nilikwenda Bahati, hapa karibu tu na mjini, kumwona mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama tunayeimba naye kwaya. Shule yake ina uwanja mpana wenye nyasi, na Jumapili umelala tu. Akasema, "Njooni. Mkivunja dirisha mtanilipa." Nikampigia nahodha wa Njoro. Akasema, "Sisi tunacheza mahali kuna watu. Kule juu tulicheza na ukungu." Wachezaji wangu nikawaita nyumbani, nikawaeleza.

Kiprono akauliza, "Na jezi, kocha?"

"Jezi alinunua yeye. Tutamrudishia. Nyinyi mtavaa fulana zenu."

Watu wa reli hawakuhitaji tangazo. Tuliambiana sokoni, kwenye foleni ya maji, kwenye ngazi za kanisa. Watu waliotukanwa redioni kwamba hawana uaminifu walilifunga lile neno midomoni, halikumfikia mwenyekiti hata kidogo.

Siku yenyewe mahali pangu palikuwa Bahati. Mimi ndimi kocha. Lakini Mayi, nilitaka kuuona uso wake. Nilimwachia Otieno timu, nikapanda lori la viazi linalopanda tupu kwenda Mau Narok, na gunia langu magotini.

Nilikuta hema limesimama na nyama inaiva. Wageni walikuwa wamevaa makoti mazuri, wanapuliza mikono. Kwaya ilikuwa imeshaimba nyimbo zake zote na imeanza kurudia. Nikapita langoni, nikashuka mpaka benchi la wachezaji, nikafungua gunia. Jezi zote nilikuwa nimezifua na kuzipiga pasi. Nikazilaza moja moja kwenye benchi, mgongo juu, namba zinaonekana. Kisha nikapanda nikakaa katikati ya stediamu, peke yangu, nikajifunika shuka na kufungua chupa yangu ya chai.

Mjomba alikuja akikimbia, na unajua hajakimbia tangu ujana wake.

"Nasimiyu! Watu wako wapi?"

"Wapo, Mjomba."

"Wapo wapi?"

"Bahati. Na timu iko Bahati. Na wale wa Njoro pia."

Akaangalia zile jezi. Akaangalia hema lake. Wageni walikuwa wameanza kusogea kusikiliza, na mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, akauliza, "Mzee, si ulisema hapa hujaa?"

Ndugu yako akainama sikioni kwangu. "Wapigie watu simu waje. Nakuomba. Mimi ni ndugu ya mama yako."

Hapo ndipo ningeweza kumwonea huruma, Mayi. Alikuwa ananuka jasho na moshi wa nyama, ameniwekea mkono begani. Nilimwangalia vizuri. Nikasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Mwenye kupenda timu atafika."

Mama wa miwani alikuwa wa kwanza kwenda garini. Wengine wakamfuata wakiwa na sahani mkononi. Mimi nilimaliza chai yangu. Sikuharakisha.

Sitakuficha kwamba nililipia. Huko Bahati, Kiprono alirusha kama hajawahi kurusha, na Otieno akapiga mpira ukavuka ua la shule ukaangukia shamba la mahindi la watu. Wazee wa reli walibebana. Wote waliuona mchezo ule isipokuwa mimi. Wananisimulia, na kila mmoja anasimulia tofauti, nami natikisa kichwa kama niliyekuwepo.

Sasa liko jambo ambalo Mjomba hakukwambia, maana limetokea jana. Alikuja Bahati. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamekalia mawe, ndoo, madawati waliyotoa madarasani. Nikamwona amesimama kwenye kamba ya mbele, pale mama za mandazi walipo, na kofia mkononi. Amekonda. Wachezaji wote wakanigeukia kuona nitafanya nini. Pengine alikuja kuomba amani. Pengine alikuja kutazama tu. Nilijua kwamba nikimpa kiti, mambo yameisha, na wewe ungefurahi.

Nikamwita binti anayekusanya mipira. Nikamwambia, "Nenda kamwambie yule mzee asogee nyuma. Anawazuia watu kuona."

Akasogea. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa vyoo, akasimama huko mpaka mwisho, nasi tukaendelea kucheza.

Najua utaniuliza nilijisikiaje. Nilijisikia vizuri, Mayi. Nililala vizuri pia. Kama siku moja moyo utalainika, utakuwa wa kwanza kujua, lakini usiuharakishe kwa maombi. Nitakuja mavuno yakiisha. Ukitaka kumwita naye, mwite, ni nyumbani kwenu. Nitamsalimu kwa mikono miwili jinsi ulivyonifunza. Pole hatoipata kwangu.

Nisalimie kaka Simiyu na mkewe. Mwambie shangazi Nekesa, mjane mwenzangu, kwamba shuka aliyonifumia ndiyo niliyojifunika siku ile, na haikuruhusu baridi hata kidogo. Msalimie mchungaji wetu mzee, na jirani anayekukamulia ng'ombe. Watoto wanasema bibi apunguze chumvi.

Nakukumbatia na goti lako, Mayi. Lala salama.

Ni mimi binti yako wa pili,
Nasimiyu, kocha wa Ngiri