Sura ya Nne Haibadiliki

Same, Jumanne jioni

Hapana. Damu siongezi.

Mhariri ameniandikia kutoka Dar kwamba riwaya yangu ni nzuri, ila mauaji hayaonekani. Anataka mapanga, anataka maiti barabarani. Anasema hii ni enzi ya soko huria na wasomaji wamezoea mikanda ya video.

Barua hiyo nimemsomea Bibi Anastazia, maana aliyeuawa katika sura ya nne ni mumewe. Walitoka Burundi kuja kukata mkonge huku. Mume alirudi kwao kumzika mama yake, akauawa kwa sababu ya kabila lake.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza, "Huyo mhariri alikuwepo?"

"Hapana, Bibi."

"Hata mimi sikuwepo. Maiti yake sikuiona, mwalimu. Ninayemjua ni yule aliyekuwa akiimba vibaya kanisani mpaka watu wanageuka. Umemwandika hivyo?"

"Nimemwandika."

"Basi mwache aimbe."

Nikacheka, kisha nikalia palepale mbele yake.

Naogopa, sikatai. Riwaya hii nimeiandika miaka sita, na mchapishaji mwingine simjui. Lakini wauaji walishamfanya maiti mara moja. Mimi sitamfanya tena ili kitabu kiuzike.

Jibu nimelipeleka posta kabla hawajafunga. Nimemwambia mhariri sura ya nne inabaki, na kama haimfai anirudishie mswada wangu. Nimeongeza kitu kimoja tu, kwa ruhusa ya Bibi: jina kamili la mumewe, liwekwe ukurasa wa kwanza.