Jina la Mwita Kwenye Tamko

Jumatatu, tarehe 2
Sirari tena, mpakani. Mtandao unasuasua tangu kampeni zianze, kwa hiyo natumia laini ya Kenya ya shemeji yangu, nimekaa nyuma ya duka lake kati ya magunia ya sukari. Kikao chetu watetezi wa haki na watu wa balozi za nje kimekula asubuhi nzima. Wanaandaa tamko la pamoja kabla ya uchaguzi. "Wasiwasi mkubwa" imeshakuwa "wasiwasi". Kesho itakuwa "tumesikia". Nikauliza kama jina la Mwita litakuwemo. Wanalitafakari. Kijana kachukuliwa kijijini kwao Kewanja akibandika mabango ya mgombea wake, hakuna kituo kinachokiri kuwa naye, na wao wanatafakari.

Alhamisi, tarehe 5
Mgeni wa ubalozi tuliyeahidiwa hakuja Kewanja kumsikiliza mama yake Mwita. Eti kibali hakijatoka. Nimepigiwa simu nyama ikiwa imeshaiva. Mama Mwita alikuwa amechinja mbuzi. Tukala na majirani kama watu walio msibani, na hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo. Yeye hakugusa kitu. Nimeona aibu.

Jumamosi, tarehe 7
Simu kutwa. Ubalozi huu unasubiri ule ukubali, ule unasubiri mkubwa wao arudi kutoka likizo. Nimemjibu vibaya dada mmoja mpole wa Dar anayetuunganisha nao. Hana kosa. Nimechoka.
Mama Mwita hayupo nyumbani. Majirani wanasema kapanda gari la Mugumu na mfuko wa nguo.

Jumanne, tarehe 10
Nimempata Mama Mwita, kijiji cha Kisaka. Yuko kwa bibi mmoja, mama mzazi wa mkubwa wa usalama ambaye kila mtu anasema ndiye anayejua Mwita alipo. Tangu Jumamosi amekaa kwenye mlango wa jiko la huyo bibi. Hatukani, halii. Anakunywa maji tu. Bibi anapika, anamtengea, anaiondoa sahani kama ilivyo. Mgeni kukataa chakula chako mbele ya majirani, huku kwetu ni bora akutukane.
Nimemsihi turudi. Nimemweleza tamko limekaribia, kuna utaratibu. Hakubisha.
"Mwanangu, wewe kaa na wazungu wako. Mimi nakaa na mama mwenzangu."
Nimerudi nyumbani Tarime nimenuna njia nzima.

Jumatano, tarehe 11
Wamekubali! Jina lake limo, kamili, na kijiji chake. Nimeisoma rasimu mara tatu. Nimemnunulia shemeji soda kutoka dukani kwake mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 13
Bibi wa Kisaka naye kaacha kula. Jana alimpigia mwanawe simu, Mama Mwita akiwa palepale. "Hapa kuna wazee wawili wenye njaa. Njoo utuzike, au mlete mtoto wa watu."
Leo jibu limekuja. Mwita anatoka kesho. Masharti: asikae kituoni kama wakala wa chama chake siku ya kura, na jina lake lisisomwe popote. Popote. Kumbe wanajua habari za tamko.
Mama Mwita kanipigia mwenyewe, sauti imekauka. Hakuniomba kitu. Kanieleza tu, kisha akanisubiri.
Nimepiga gunia la sukari ngumi hadi shemeji akaja kuchungulia. Wiki nzima ya kubembeleza watu. Na hao wanaotaka lifutwe ndio waliomficha. Nina hasira na kila mtu, hata na Mama Mwita, Mungu anisamehe.
Nimeandika Dar: toeni jina. Yule dada akauliza kama nina hakika, baada ya kazi yote ile. Nikajibu toeni.

Jumapili, tarehe 15
Nimepiga kura mapema Tarime, nikaenda Kewanja. Nilipita kwenye kituo chao cha kura nikawachungulia mawakala. Tamko lilitoka jana, bila jina. Wana wasiwasi.
Mwita amekonda. Alikuwa kaegemea ukuta juani, amevaa sweta. Sikumuuliza kitu. Mama yake katutengea ugali wa ulezi na maziwa, akaketi, akala na sisi. Sikuwa nimemwona akila tangu kabla ya yule mbuzi.
Katikati ya chakula Mwita akauliza nani amekaa kwenye kiti chake kule kituoni.
Nikamwambia hakuna mtu.
Akanawa mikono, akatoka, akashika njia ya kituoni. Mama yake akafunika sahani ya mwanawe, akaiweka karibu na moto isipoe.